Mstari wa Saa Kumi na Mbili Jioni

Kazi niliyoipenda kuliko zote maishani mwangu ilikuwa kuifundisha kompyuta kufanya kazi bila mimi. Watu wakisikia hivyo husema nilikuwa mvivu, na mimi siwabishii.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Lodwar, katika shirika dogo la misaada lenye ofisi mbili. Moja ilikuwa hapo mjini na nyingine ilikuwa Kakuma, kando ya kambi ya wakimbizi. Simu ya Kakuma siku hizo ilikuwa ya kubahatisha, na barabara ilitaka msafara na askari wenye bunduki. Basi shirika likanunua mitambo ya redio, mmoja huku na mmoja kule, ikaunganishwa na kompyuta, na barua zikaanza kusafiri hewani. Barua ya kurasa mbili ilichukua muda wa kuchemsha chai, lakini ilifika, na haikuhitaji kulindwa na mtu.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kompyuta ya Lodwar. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye cheti cha kupiga taipu na kiburi kilichozidi cheti. Mtaalamu aliyeletwa kutoka Nairobi alinifungulia faili fupi ambamo kila mstari ulikuwa agizo. Mwanzoni mwa mstari unaandika dakika, halafu saa, halafu siku na mwezi, na mwishoni unaandika kazi yenyewe. Pale ambapo hutaki kuchagua, unaweka alama ya nyota, na nyota maana yake ni "kila": kila siku, kila mwezi. Ukishaandika umemaliza. Saa ikifika mashine inajiamsha kimyakimya, inapiga Kakuma, inatuma barua zilizosubiri, inapokea za kule, inaandika ilichofanya, inarudi kulala. Kesho inafanya vivyo hivyo. Huna haja ya kuikumbusha, na hainuni.

Niliipenda sana ile nyota. Nimekulia mahali ambapo hakuna kilichoahidiwa kuja kila siku. Mvua haikuahidi, posho ya chakula haikuahidi, na mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Sasa hapa palikuwa na alama ndogo ambayo ukiibonyeza mara moja tu, kitu kinakuja leo, kinakuja kesho, kinakuja hata ukiwa umelala nyumbani kwako Kanamkemer. Nilikuwa nafungua lile faili hata wakati sina shida nalo, nalitazama tu.

Baba yangu alikuwa askari wa lindo la usiku katika ofisi yetu ya Kakuma. Zamani alikuwa mfugaji. Ukame ulichukua sehemu ya mifugo, wezi wakachukua iliyobaki ila mbuzi wachache, na kambi ilipofunguliwa akapata kazi ya kulinda mali za wengine. Ndiye aliyenilea baada ya mama. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na nadhani hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa la mapenzi, maana mengine hayakuwepo. Angeweza kukaa na mgeni tangu asubuhi hadi jua likae utosini, na habari zote zikawa za mbuzi.

Nami nilianzia kazi Kakuma hiyo hiyo, karani, nikiishi naye. Jioni namwekea chakula, anakula, anachukua tochi na rungu anakwenda lindoni. Kisha nikahamishiwa Lodwar. Nilipomweleza alisema, "Sawa," akaendelea kuchonga fimbo yake. Siku ya kuondoka gari lilikuwa linanguruma, msafara unasubiri, dereva anapiga honi, nami nazunguka namtafuta baba tuagane. Sikumwona. Nikapanda gari.

Iliniuma, tena sana. Kwetu mtoto haondoki hivi hivi kama mbuzi aliyetoroka zizini. Mzazi hukubariki, hukutemea mate kidogo kichwani, anakuambia nenda. Mimi nilikwenda Lodwar na kichwa kikavu. Krismasi niliporudi kumsalimia, kabla redio hazijanunuliwa, alinipokea vizuri, akachinja, tukala, akanieleza habari za mbuzi kwa siku mbili mfululizo. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, kwamba hakukasirika nilipoondoka. Sikulipata, na sikujua linaombwa vipi.

Basi tuje kwenye ule mstari.

Niliipangia mashine kupiga Kakuma mara kadhaa kwa siku, ya kwanza alfajiri na ya mwisho saa kumi na mbili jioni. Ya jioni ndiyo ilikuwa na uzito. Msafara uliondoka asubuhi na mapema, kwa hiyo barua ya jioni ndiyo iliyowaambia watu wa Kakuma kama gari letu litakuwepo, na wagonjwa gani wawe tayari kuletwa hospitali. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, mstari wa jioni ukaanza kunigomea. Nikifika ofisini asubuhi nakuta mashine imeandika: imepiga, imeitikiwa, imekatika. Imepiga tena, imekatika. Imepiga mara ya tatu, imekatika, imekata tamaa. Barua inalala Lodwar hadi alfajiri, na Kakuma wanaipata wakati magari yameshajipanga. Wagonjwa wanakimbizwa garini hata uji hawajanywa.

Meneja wetu hakuwa mtu wa huku, mikutano yote kwa Kiingereza, lakini akikasirika Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Si ulisema hii kitu inajifanya yenyewe?" aliniuliza. "Mbona inajifanya asubuhi peke yake?"

Mtaalamu akaitwa tena. Akashuka na ndege ndogo, akalala nyumba ya wageni ya Nawoitorong, akaja ofisini na begi lake la vyuma, akapima. Akasema tatizo ni anga. Jua likizama, mawimbi ya redio hubadilika, na laini iliyokuwa nzuri saa kumi inaweza kuwa takataka saa kumi na mbili. Hakudanganya, jambo hilo lipo, kila mtu wa redio analijua. Ushauri wake ulikuwa kuufuta mstari wa jioni na barua zote zimalizwe saa kumi.

Mimi nikakataa. Saa kumi wauguzi walikuwa bado hawajajua nani anapelekwa hospitali. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia meneja. Sababu nyingine ni kwamba ule mstari niliuandika mimi, na nikiandika "kila" nataka iwe kila. Meneja akanitazama kama anayetazama mtoto anayelilia kisu, akasema nina hadi Ijumaa.

Nikaketi nikasoma yale iliyoyaandika mashine, nikirudi nyuma wiki kwa wiki. Ndipo nilipoona kwamba Jumapili barua ya jioni ilipita. Jumapili iliyotangulia ilipita pia, na ile ya kabla yake. Nikacheka peke yangu. Hii anga gani inayoshika sabato?

Nikamwita opereta wa Kakuma kwenye redio, kwa sauti, mchana. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan ya kusini, mtu mpole, shemasi wa kanisa lao kule kambini.

"Malesh, samahani, dada," akasema. "Mimi natoka saa kumi na moja. Nafunga mlango, redio nawacha inawaka kama ulisema. Jioni hapana mtu. Ni mzee askari peke yake."

"Mzee anaingia ndani?"

"Anaingia. Jioni tu, alfajiri yeye iko langoni. Funguo iko na yeye. Taabu ikikuja usiku, lazima yeye aite polisi. Mimi mwenyewe nilimfundisha, redio ikiwa na wiki moja. Bonyeza, sema, wacha."

"Na Jumapili?"

"Jumapili mzee hapana kuja. Anakuja ule mwingine."

Mzee askari alikuwa baba yangu. Nilimshukuru opereta, nikazima maiki, nikakaa nayo mkononi. Baba si mtu wa kuchezea vitu vya watu. Hata redio yangu ndogo ya betri alikuwa akiniuliza kabla ya kuigusa. Niliogopa kwamba kuna jambo baya Kakuma analoripoti kila jioni na hakuna anayemsikia. Niliogopa pia kwamba meneja akijua nani anamkatia barua zake, Jumapili ya baba itakuwa siku saba kwa wiki, yaani hana kazi tena.

Jioni ile wenzangu walipotoka, mimi nikabaki. Spika ya mtambo wetu ilikuwa imepunguzwa hadi mwisho, kwa sababu mhasibu wa chumba cha pili alilalamika kwamba ile sauti inamuuma meno. Na kweli ilikuwa sauti ya ajabu, kama jogoo aliyemeza filimbi. Nikaipandisha, nikangoja. Nje jua lilikuwa linakwenda, na watu wanarudi kutoka sokoni.

Saa ikafika. Mashine ikajiamsha, haikujua kwamba leo natazama. Jogoo akawika. Mashine ya Kakuma ikaitikia. Kisha pakasikika mlio wa kitufe, tak!, na sauti ya baba ikajaa chumba.

"Ejok, mama."

Alisema Kiturkana, na ejok ni salamu yetu, nami naandika Kiswahili, na kilichopungua njiani mnisamehe.

"Ejok. Umeshinda vipi? Umekula? Hapa hakuna neno. Upepo umepiga leo hadi tukala mchanga. Wewe je?"

Akaachia kitufe. Mashine yangu, ilipoona imekatika, ikapiga tena kama ilivyoagizwa. Jogoo akawika kwa mara ya pili. Na baba, kule upande wa pili, akanyamaza hadi alipomaliza kuwika, kwa adabu yote ya mtu anayemsikiliza mgeni, kisha akabonyeza.

"Eeh," akasema. "Ndivyo."

Hapo nikaelewa. Nilikumbuka siku tuliyokwenda kufunga mtambo Kakuma. Baba alisimama mlangoni akaniuliza ile sauti ni ya nini, nami, mikono imejaa waya, nikamjibu bila kumtazama: "Hiyo ni mimi, baba. Ikilia hivyo ujue nakuita kutoka Lodwar." Basi nilikuwa namwita. Kila jioni, anapoingia lindoni, mwanawe anamwita kutoka Lodwar, na kwetu mtu akikuita unaitika. Anasema, mtoto anajibu kwa ile lugha ya kazi yake. Anasema tena, anajibiwa tena. Mara ya tatu mtoto ananyamaza, amechoka, ameenda kupumzika. Kwake yeye hayo yalikuwa mazungumzo mazuri kabisa. Na kwa kuwa sauti na barua zilipita njia moja hewani, kila neno lake ndilo lililokuwa likinivunjia barua.

"Ile mbuzi nyekundu, mjukuu wa ile ya mama yako, imeamka vizuri," aliendelea. "Watoto wake wananyonya. Jike ni wako, kama nilivyokuambia jana, sitauza. Na hao samaki wa ziwani, wa Longech, wapunguze. Kila siku samaki, samaki. Utasahau ladha ya nyama, uje hapa utafune kama mzungu."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu katika ofisi tupu, na machozi yakaja pamoja na kicheko. Akaachia. Mashine ikapiga mara ya tatu, ya mwisho. Akangoja imalize.

"Lile jambo la siku ile, mama," akasema, na sauti ikashuka. "Najua nimelisema mara nyingi, na labda umelichoka. Sikukataa kukuaga. Nilikuwa nyuma ya stoo, nimeegemea ukuta. Nilikuona unavyonitafuta. Miguu ilikataa. Mtu mzima hawezi kulia mbele ya msafara mzima wa askari, wangesema nini? Si hasira. Sijawahi kukukasirikia hata siku moja. Haya, pokea."

Kikasikika kitu kama pumzi fupi kwenye spika, puu, halafu tena, puu. Alikuwa anatema mate ya baraka kwenye maiki.

"Yakufikie," akasema. "Lala salama."

Mambo ya ofisi niyamalize hapa hapa, yasije yakanisumbua mwishoni. Nilimweleza meneja ukweli wote asubuhi yake, kwa kuwa sikuona uongo utakaonisaidia. Akasema barua za jioni zisogezwe hadi saa moja, na saa kumi na mbili mzee aongee na binti yake, mradi aanze kwa kusema hali ya usalama, ili yeye meneja aandike Nairobi kwamba ofisi ya Kakuma inatoa ripoti ya usalama kila jioni. Nilibadilisha tarakimu moja tu kwenye mstari. Mtaalamu aliposikia kwamba barua sasa zinapita, alisema saa moja anga huwa imetulia, nami nikamwachia hivyo, mradi amefurahi. Maiki ya Kakuma ilishika kutu mapema kuliko kawaida, na shirika lilinunua nyingine bila kuuliza.

Lakini hayo yote yalikuwa bado. Jioni ile nilikuwa nimesimama mbele ya mtambo, mashine imeshaandika kwamba imeshindwa na imelala, na kule Kakuma baba anageuka kutafuta tochi yake aende langoni. Nikaichukua maiki. Nilikuwa nimeitumia mara nyingi, kuagiza dizeli, kuuliza magari, lakini kumwita baba bado.

"Baba," nikasema. "Ejok."

Hewa ikavuma. Nikadhani ameshatoka. Kisha, tak! ya kitufe.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, baba."

Nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni, kumbe alikuwa amesahau kidole kwenye kitufe. Wiki zote zile alikuwa akizungumza nami kwa kusimama, kama anavyosimama askari.

"Ngoja nikae," akasema. Akakohoa. "Mama, haya ninayokuambia kila siku, yalikuwa yanafika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na ingemfurahisha, na nani angenilaumu? Lakini nilikuwa nimelingoja lile neno lake muda mrefu, na sikutaka kulipokea kwa uongo.

"Hayakufika, baba. Ni ya leo tu ndiyo nimeyasikia. Hizo siku nyingine ilikuwa ni mashine. Mimi nilikuwa nyumbani."

"Zote?"

"Zote."

Nikaogopa kwamba nimemnyang'anya kitu. Jioni zote zile, mbuzi wote wale, mate yote yale. Nikapeleka kidole kwenye kitufe nimwambie nisamehe, yeye akaniwahi.

"Basi nianze upya," akasema baba.

Na huyo mzee, ambaye maishani mwake hakuwahi kufungua mazungumzo bila mbuzi, aliwaacha mbuzi, akaanza na siku ile niliyoondoka.